Beetle ya 1972 inazima ghafla ikipata moto: ni petroli au ni umeme?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Beetle ya 1972, injini ya 1300, betri ya volti 12, niliyoachiwa na marehemu baba. Naishi Tanga. Asubuhi linawaka kwa stata moja na linatembea vizuri. Likishatembea nusu saa hivi, hasa kwenye foleni au nikipandisha kutoka Mombo kwenda Lushoto, linazima ghafla kama mtu kazima swichi. Taa nyekundu ya chaji inawaka. Nikipiga stata injini inazunguka vizuri lakini haishiki. Nikisubiri dakika ishirini na kitu, linawaka na kuondoka kama halijawahi kuumwa. Fundi amefungua kabureta mara mbili, tumeweka pampu mpya ya petroli na plagi mpya. Pointi, kondensa na kifuniko cha distributa tulibadilisha muda mfupi kabla tatizo halijaanza, kwa hiyo upande huo ni mzima. Sasa ananiambia ninunue kabureta jipya. Ninunue?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Usinunue kabureta.

Kwa dalili ulizoeleza, naelekea kwenye umeme wa plagi kuliko kwenye petroli, na kifaa ninachokishuku kwanza ni kimojawapo kati ya vile ulivyoviondoa kwenye orodha kwa sababu ni vipya: kondensa. Lakini sitaki ukanunue kondensa kwa neno langu tu, maana nami nitakuwa nimekupigia ramli kama wengine. Tafuta ushahidi kwanza. Ushahidi wa ugonjwa huu una muda wake: unaonekana tangu gari linapozima mpaka linapopoa, basi. Likishafika gereji limepoa, fundi hodari kuliko wote atalikuta zima, na ndiyo maana mmebadilisha vifaa vyote hivyo bila kugusa chenye kosa.

Hebu tuisome barua yako kwanza, maana umeandika mengi kuliko unavyodhani. Umesema linazima kama mtu kazima swichi. Petroli ikikatika injini haifi hivyo. Kabureta lina bakuli lenye akiba kidogo, na akiba hiyo inapoisha gari huanza kukosa nguvu, linashtuka-shtuka, wakati mwingine linapiga chafya kupitia kabureta, ndipo linazima. Umeme ukikatika hakuna kuaga. Hii si sheria isiyo na kasoro, kwa sababu umeme dhaifu nao huweza kulifanya gari limisi kwa muda kabla ya kufa, lakini kufa papo hapo ni alama nzito upande wa umeme.

Kisha taa nyekundu. Kwenye Beetle taa ya chaji inapata umeme kupitia swichi ya funguo, tundu namba 15, yaani mahali pa kuungia waya penye namba hiyo. Kama inawaka injini inapozima, swichi haijakata umeme wote. Haituambii kwamba umeme unafika kwenye koili, kile kifaa kinachozaa umeme mkubwa wa plagi, kwa sababu waya mweusi wa koili unajitegemea na una safari yake ndefu kurudi nyuma, lakini inatusogeza karibu na injini.

La tatu ndilo lililonifanya nikae sawa. Tatizo limeanza baada ya kazi ya distributa. Ugonjwa ukianza baada ya gari kuguswa, anza kutazama palipoguswa. Kifaa kipya maana yake ni kwamba hakijatumika. Kama kinafanya kazi hilo ni swali jingine, na kwa kondensa za siku hizi zinazouzwa zikiwa kwenye vijaluba visivyo na jina, ni swali la lazima. Katika gereji nimeona kondensa mpya zikifa kabla hata pointi zilizofungwa nazo siku hiyohiyo hazijapata mkwaruzo.

Ili upimaji ueleweke, lazima ujue kinachotokea nyuma ya gari lako. Mfumo huu asili yake ni ule wa Mmarekani Charles Kettering, ulioingia kwenye Cadillac za 1910, na kwa miaka mingi haukubadilika sana. Ukifungua swichi, umeme wa volti 12 unaingia kwenye koili tundu namba 15, unapita kwenye waya mnene uliozungushwa ndani, unatokea tundu namba 1, unakwenda kwenye pointi ndani ya distributa, na pointi zikiwa zimefunga unaingia bodi ya injini, yaani arthi. Hapo koili inakuwa sumaku. Pembe ya kemu, yaani mhimili wenye pembe ndani ya distributa, inaposukuma pointi zikafunguka, umeme unakatika, usumaku unaporomoka kwa ghafla, na kuporomoka huko kunazaa maelfu ya volti kwenye ule waya mwembamba wa pili wa koili. Umeme huo mkubwa unatoka katikati ya koili, unaingia katikati ya kifuniko cha distributa, rota inaugawa kwa plagi inayohusika, na cheche inaruka. Injini yako ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 6,000 katika dakika hiyo, sawa na mara 100 kila sekunde.

Kazi ya kondensa watu wengi hawaijui vizuri. Pointi zinapoanza kuachana, umeme hautaki kukatika. Unataka kuruka ule mwanya mdogo. Ukiruka, usumaku unaporomoka taratibu badala ya ghafla, na cheche ya plagi inakuwa dhaifu au haipo kabisa. Kondensa inaumeza umeme huo kwa kitambo kidogo mpaka pointi zimeachana vya kutosha. Ndani yake kuna karatasi za metali zilizokunjwa pamoja na kihami katikati, zikafungiwa kwenye kikopo kidogo. Uwezo wake kwenye gari kama lako ni karibu mikrofaradi 0.2 hadi 0.25. Ikipata joto, vitu vya ndani vinatanuka. Kama kiungo cha waya hakikushikwa vizuri kinaachia, na kondensa inakuwa kama haipo. Kama kihami ni kibovu, umeme unavuja ndani kwa ndani kwenda arthi, na koili haipati hata nafasi ya kukatwa. Ikipoa, vitu vinarudi mahali pake, nawe unaambiwa gari lako ni zima. Linganisha hayo na barua yako.

Sasa vifaa vya kubeba kwenye gari. Taa ya testa ya volti 12, ile yenye balbu ndogo na klipu. Plagi moja ya ziada iliyo safi. Plaizi yenye mpini wa plastiki mzima. Bisibisi. Kipande cha waya mrefu wenye klipu pande zote mbili. Na kondensa nyingine, hata ya gari jingine la pointi, ilimradi uliiona ikifanya kazi. Ningependelea ya zamani iliyotolewa kwenye gari linalotembea kuliko mpya ya dukani.

Gari likizima, sogea pembeni, weka jiwe nyuma ya gurudumu kama uko kwenye mlima wa Soni, na ufungue mfuniko wa injini mara moja. Usipoteze muda. Anza na petroli kwa sababu ni kazi ya sekunde chache. Toa bomba la chujio la hewa, tazama ndani ya mdomo wa kabureta na usukume mkono wa mafuta. Ukiona mchirizi wa petroli ukiruka ndani, bakuli lina mafuta, na gari halikuzima kwa kukosa petroli. Rudisha bomba la hewa mahali pake kabla hujagusa cheche yoyote, maana petroli na cheche havikai meza moja.

Kisha tafuta moto. Chomoa ule waya mnene kwenye tundu la katikati la kifuniko cha distributa, uchomeke kwenye plagi yako ya ziada. Laza plagi ili chuma chake kigusane vizuri na bodi ya injini, mbali na kabureta na pampu, ushike waya kwa plaizi na si kwa mkono mtupu, kisha mwambie uliye naye apige stata. Moto mzima ni wa bluu, una sauti ya kupasuka unayoisikia hata barabarani. Moto wa njano au mwekundu, mwembamba, unaoruka mara moja na kukosa mara mbili, huo ni mgonjwa. Kama hapa pana moto mzuri wa bluu na gari haliwaki, koili, pointi na kondensa zimeshajitetea. Tatizo liko mbele yake, kwenye kifuniko, rota au nyaya za plagi. Kama hakuna moto, au ni wa njano, endelea na testa.

Klipu ya testa iwe kwenye chuma cha injini. Swichi ikiwa wazi, gusa namba 15 ya koili. Namba hizo zimepigwa kwenye kichwa cha koili, kando ya tundu. Isipowaka, umeme haufiki, na hapo unachukua ule waya mrefu, unaunganisha kutoka chanya ya betri iliyo chini ya kiti cha nyuma moja kwa moja mpaka namba 15. Gari likiwaka hapohapo, umemshika mwizi: ni swichi ya funguo, au waya mweusi, au kiungo kimojawapo njiani. Kumbuka tu kwamba ukiwasha hivyo, funguo haizimi injini. Unazima kwa kuchomoa waya.

Kama namba 15 inawaka, hamia namba 1, na mwenzako apige stata. Hapa ndipo panaposema zaidi kuliko popote. Taa ikiwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika, pointi zinafunga na kufungua, na umeme mdogo unapita kama unavyotakiwa. Ukiwa na hali hiyo lakini moto wa katikati ni wa njano au haupo, washukiwa wawili wamebaki: kondensa iliyoachia, au koili iliyochoka upande wa umeme mkubwa. Taa ikibaki imewaka bila kupepesa, pointi hazifungi kiumeme: zina uchafu au mafuta, zimekosa arthi, au kile kiwaya laini cha ndani ya distributa kimekatika. Taa ikikataa kuwaka kabisa kwenye namba 1 huku 15 inawaka, chomoa kwenye namba 1 ule waya wa kwenda distributa, gusa tena. Ikiwaka sasa, kuna shoti ndani ya distributa, na kondensa inayovuja ndiyo ya kwanza kushukiwa, baada yake waya uliogusa bodi. Ikiwa bado haiwaki, koili imekatika ndani.

Kwa upande wa kondensa una jaribio lisilo na ubishi. Kwenye distributa nyingi za Bosch za Beetle, kondensa imefungwa nje, kwa skrubu moja. Kama testa ilikuwa inapepesa vizuri na moto ni dhaifu, huna haja hata ya kuitoa ile ya zamani. Gusanisha kikopo cha kondensa ya akiba na chuma cha injini, waya wake uende kwenye namba 1 ya koili, kisha piga stata. Moto ukirudi kuwa wa bluu, umepata jibu lako pale barabarani na gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana. Kama testa ilionyesha shoti, ya zamani ni lazima itoke kwanza.

Koili nayo ina jaribio lake la hapohapo. Chukua kitambaa, kiloweshe maji, kikamue, ukizungushe kwenye koili peke yake, usimwage maji kwenye injini. Subiri dakika mbili tatu. Injini bado ni moto, distributa bado ni moto, kilichopoa ni koili tu. Gari likiwaka, unajua nani amepozwa akapona.

Ukikosa nafasi ya kufanya haya njiani, unaweza kuuita ugonjwa nyumbani. Washa gari likiwa limeegeshwa, liache liungurume, uchukue kikausha nywele cha nyumbani na upulize joto kwenye distributa upande wa kondensa. Kama inamisi na kuzima, huna haja ya kwenda Lushoto. Kama inavumilia, hamishia joto kwenye koili. Pasha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo utajichanganya.

Baada ya hapo, hata ukishapata kosa, naomba ufungue distributa kwa utulivu ukaangalie pointi zenyewe, kwa sababu uso wa pointi ni shahidi asiyesahau. Zitenganishe kwa ncha ya bisibisi, umulike kwa tochi. Pointi zenye afya zina rangi ya kijivu, butu kidogo. Zikiwa na rangi ya bluu iliyoungua na kingo nyeusi, umeme umekuwa ukiruka pale kwa nguvu, kondensa haikuwa ikifanya kazi yake, au koili inavuta umeme mwingi kupita kiasi. Upande mmoja ukiwa na kilima kidogo na mwenzake shimo, metali imekuwa ikihama, na uwezo wa kondensa hauendani na koili. Usizisugue kwa msasa ukazirudisha. Msasa unaacha mikwaruzo na chembe, na pointi zilizosuguliwa huungua upya haraka. Badilisha.

Ukiwa umeinama pale, fanya jambo moja ambalo mafundi wengi hulipita. Chomoa kile kipira chembamba kinachotoka kwenye kopo la vakyumu la distributa kwenda kwenye kabureta, ukivute hewa kwa mdomo. Utaona bamba linaloshika pointi likijizungusha kidogo ndani ya distributa, na ukizuia ncha kwa ulimi linatakiwa libaki pale pale. Likirudi peke yake, ngozi ya ndani imetoboka. Lakini ninachotaka ukitazame zaidi ni kile kiwaya laini kinachotoka kwenye pointi. Kinakunjwa na kunyooshwa kila unapokanyaga na kuachia mafuta, kwa miaka na miaka, na nyuzi zake hukatika ndani ya plastiki huku nje kinaonekana kizima. Weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye tundu la nje la waya na nyingine kwenye pointi upande wa kiwaya, kisha vuta tena hewa. Namba ikiruka au ikapotea bamba linapozunguka, umepata kosa linalozima magari kwenye milima na kuwachosha mafundi, kwa sababu gari likiwa limesimama waya umegusana.

Koili ipime ikiwa imetoka kwenye gari, au angalau nyaya zote zimechomolewa. Kati ya 15 na 1, koili sahihi ya gari lako inasoma karibu omu 3 hadi 4. Ukikuta omu 1 na nusu hivi, umeuziwa koili inayotaka rezista ya nje, itavuta umeme mwingi, itachemka na kuunguza pointi. Kati ya namba 1 na tundu la katikati usome maelfu, mara nyingi 7,000 hadi 10,000. Kisha ipime tena ikiwa ya moto. Shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda kwa kawaida: koili iliyosoma omu 3.4 kwenye joto la digrii 30 inatakiwa isome karibu 4.2 ikifika digrii 90. Hilo lisikutie hofu. Kinachotia hofu ni namba inayoruka, au inayopotea kabisa. Hata hivyo jua kwamba koili inaweza kupita kipimo cha omu na bado ikavujisha umeme mkubwa ndani, ndiyo maana kitambaa cha maji na kikausha nywele vinaniridhisha zaidi kuliko mita. Angalia pia kichwa chake. Ukiona mafuta yametoka pembeni, haina maisha.

Nataka nikae kidogo kwenye upotevu wa volti, kwa sababu gari lako lina zaidi ya miaka 50 na limekaa pwani. Kwenye Beetle betri iko nyuma, lakini umeme wa koili unakwenda kwanza mbele kwenye swichi ndipo unarudi nyuma. Njia nzima hiyo ina viungo, na hewa ya chumvi ya Tanga haijavihurumia. Taa ya testa inaweza kuwaka vizuri hata kwa kiungo kibovu, kwa sababu balbu ndogo inataka umeme mdogo. Koili inataka ampea 3 na zaidi. Kwa hiyo pima kukiwa na kazi: zungusha injini mpaka pointi zifunge, ukitumia spana ya 21 kwenye nati ya puli ya dinamo, fungua swichi, kisha weka mita ya volti, ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye 15 ya koili. Mita inakuonyesha volti zinazopotea njiani. Nusu volti naivumilia. Ikivuka volti 1, tafuta: swichi, sehemu yake ya umeme ambayo hubadilishwa peke yake, na kila kiungo cha waya huo. Kisha weka mita kati ya namba 1 ya koili na mwili wa distributa. Pointi zikiwa zimefunga, isizidi karibu volti 0.2. Ikizidi, pointi chafu au kiwaya kinachokufa. Fanya haya haraka na uzime swichi. Koili ikiachwa wazi pointi zikiwa zimefunga injini haizunguki, inajichemsha yenyewe.

Kifuniko na rota ni haraka zaidi. Ndani ya kifuniko katikati kuna kijiti cha kaboni chenye springi. Kisukume kwa kidole, kiingie na kurudi. Tafuta mistari myeusi myembamba kama nywele, hapo umeme ulipata njia ya panya. Rota nyingi za Beetle zina rezista ya karibu omu 5,000, ipime. Kofia za plagi zina karibu omu 1,000 kila moja. Plagi zako mwanya uwe milimita 0.6 hadi 0.7. Mpangilio wa nyaya ni 1-4-3-2, rota ikizunguka kama saa, na kijimstari kilichochongwa kwenye mdomo wa distributa ni cha silinda ya kwanza.

Jambo moja linalohusu joto lenyewe. Injini hii inapozwa kwa hewa, na nafasi ya juu ya injini inatakiwa itenganishwe kabisa na upande wa chini wenye silinda na egizosi. Ile mipira ya kofia za plagi inayoziba matundu kwenye mabati, na mpira mrefu unaozunguka injini yote, ndiyo inayotenganisha. Mipira ikikosekana, hewa ya moto inapanda juu, feni inaivuta na kuirudisha, na koili, kondensa na pampu vinakaa kwenye tanuri. Nimeona magari mengi mipira hii imetupwa na fundi aliyeona inamchelewesha kutoa plagi. Irudishe yote, hata kama kosa lako utalikuta kwingine.

Ukishamaliza, panga kwa utaratibu huu na usiugeuze: pointi kwanza, taimingi (wakati wa cheche kuruka) baadaye. Mwanya wa pointi ni milimita 0.4 kwa fila geji, vile vibamba vya kupimia mwanya, au dweli (sehemu ya mzunguko ambayo pointi zimefunga) ya digrii 44 hadi 50 kama una mita yake. Mwanya ukipanuka taimingi inakwenda mbele, ukipungua inarudi nyuma, na taimingi iliyorudi nyuma inachemsha injini. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu ya distributa, kiasi cha kichwa cha kiberiti, la sivyo kisigino cha pointi kitaliwa na mwanya utajifunga. Taimingi ya injini nyingi za 1300 za miaka hiyo ni digrii 7.5 kabla pistoni haijafika juu, kipira cha vakyumu kikiwa kimechomolewa. Hakikisha alama ya puli iko kwenye mstari wa kuungana kwa mwili wa injini, rota inatazama silinda ya kwanza, weka testa kwenye namba 1, fungua swichi, zungusha distributa kufuata saa mpaka taa izime, kisha irudishe polepole kinyume. Papo hapo taa inapowaka, kaza.

Pengine utaambiwa uondoe pointi uweke moduli ya elektroniki, au uweke distributa ya Bosch 009. Moduli nzuri ni kitu kizuri, siipingi, lakini usiifunge kabla hujajua kosa. Kama volti zinapotea kwenye swichi, moduli nayo itazima, na safari hiyo hutaweza kuitengeneza kwa bisibisi pale Mombo. 009 haina vakyumu, na kwenye kabureta lako mara nyingi inaleta shimo: unakanyaga, gari linasita ndipo linaondoka. Mfumo ulio nao si duni. Dereva Tommy Fjastad alishinda Safari Rally ya 1962 kwa Volkswagen ya aina hiyo, yenye pointi na kondensa, kwenye barabara za Afrika Mashariki za wakati ule. Unataka vifaa vya kweli na mtu wa kuvipanga.

Na kama siku hiyo njiani utakuta moto wa bluu unapasuka vizuri kwenye plagi ya ziada, pia kwenye waya wa silinda moja moja, huku mdomo wa kabureta ni mkavu, basi mimi nimekosea njia na tunahamia kwenye petroli. Hata hapo kabureta jipya si la kwanza. Chomoa bomba linaloingia kwenye kabureta, lielekeze kwenye chupa mbali na injini, piga stata. Pampu isipotoa kitu ikiwa ya moto, tazama kama ile pampu mpya mlifunga na kijiti chake cha kusukuma cha urefu unaostahili na gasketi zake, kwa sababu pampu hizo hazifanani zote, kisha fungua kifuniko cha tangi usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, tundu la kupumulia la tangi limeziba.

Andika kila ulichoona kwenye karatasi palepale barabarani: rangi ya moto, taa ya testa ilivyofanya kwenye 15 na kwenye 1, na kilicholifanya liwake tena. Ukimpa fundi wako karatasi hiyo, hatakuwa na sababu ya kufungua kabureta mara ya tatu.